Kigoma, mahali mtoto wangu anasomea samaki

Wamama wenzangu wa likirimba,

Mwaka jana mlikubali nipokee zamu mbili mbele ya wakati wangu, ili mtoto wangu wa pili aende kusoma mambo ya uvuvi na ufugaji wa samaki ng'ambo ya ziwa, kule Kigoma. Tuko wamama 24, kila mmoja anaweka dola 5 kwa juma, kwa hiyo zamu moja ni dola 120 na zamu mbili ni dola 240. Si feza kidogo. Ninajua pia kwamba kulikuwa manung'uniko. "Tangu lini mtu anasomea samaki? Samaki anavuliwa, anakaangwa, analiwa, basi." Mama mmoja wa kati yetu aliniambia hivyo usoni, na ninamshukuru. Wengine mlisema nyuma ya mgongo wangu, lakini soko letu ni dogo, maneno yote yananifikia.

Mwezi wa tatu nilipanda meli, nikaenda kuangalia mwenyewe. Ninyi mlitoa feza, mna haki ya kujua zilienda wapi.

Tuliondoka Kalemie magharibi, ndani ya meli ya mizigo iliyokuwa inakwenda kuchukua saruji na unga. Kwa mstari ulionyooka hakufiki kilomita 150, lakini meli ya mizigo haina haraka. Nilikaa juu ya magunia matupu, pagne imefungwa kichwani kwa sababu ya upepo, na tangu giza lilipoingia sikusema na mtu. Wale wanaonijua wanaelewa. Baba ya watoto wangu ziwa lilimchukua, na tangu siku ile nimeuza ndagala ufukoni kila asubuhi bila kuingiza mguu wangu ndani ya maji kupita magoti. Nilizaliwa kando ya ziwa hili, na sijui kuogelea. Tuko wamama wangapi namna hiyo?

Usiku hakukuwa na mwezi. Kwa hiyo wavuvi walikuwa kazini, maana mwezi ukiwaka ndagala hawafuati taa. Mbele yetu na nyuma yetu taa zilikuwa nyingi hata mtu angesema ni mji umejengwa juu ya maji. Kijana mmoja wa meli aliniuliza kama ninaogopa. Nikamwambia hapana. Alicheka kidogo, akaniletea koti la kuokoa maisha, la rangi ya machungwa, lenye harufu ya mafuta. Nililivaa mpaka asubuhi.

Kigoma inatokea ghafula. Kwanza vilima, kisha miembe na mingazi, kisha bandari ndani ya ghuba, na juu yake kidogo stesheni ya treni iliyojengwa wakati wa Wajerumani, kubwa kama nyumba ya gavana. Reli ile inaanzia Dar es Salaam na inaishia pale. Ilifika ziwani mwaka 1914. Upande wetu reli ya kutoka Kabalo ilifika Kalemie mwaka 1915. Kwa hiyo wazee wetu wa pande mbili walianza kusikia filimbi ya treni karibu wakati mmoja. Kwenye ufuko niliona nyumba ambazo maji yaliingia, kuta zimebaki na alama ya tope, sawasawa na kwetu. Ziwa lilipopanda miaka hii halikuuliza mtu pasipoti.

Lugha yao ni yetu, lakini utajikwaa. Sisi tunasema ndagala, wao dagaa. Mukeke wetu wao wanamwita mgebuka. Ufuko pahali mitumbwi inashusha samaki, ule sisi tunaita beach, wao wanaita mwalo. Watoto njiani waliniamkia "shikamoo", na siku ya kwanza nilijibu "jambo" kama mjinga, mpaka binti yangu akanifundisha kwamba jibu ni "marahaba". Na Wakongo wako wengi pale. Kambi ya Nyarugusu, upande wa Kasulu, imepokea watu wetu tangu 1996. Sokoni nilikutana na mama wa Fizi anauza vitenge, tukasema Kibembe mpaka chai ikapoa.

Basi, chuo. Serikali ya Tanzania ina Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, watu wanauita FETA kwa kifupi. Una kampasi zaidi ya moja: Mbegani karibu na Bagamoyo, kwa mambo ya bahari, Nyegezi kule Mwanza, kwenye ziwa Victoria, na hii ya Kigoma kwa ziwa letu, pamoja na nyingine. Mtoto anaanza na cheti, wao wanasema astashahada, na akishinda anapanda kwenye stashahada. Msifikiri ni kujifunza kutupa nyavu tu. Kuna masomo ya maji, ya magonjwa ya samaki, ya kuchimba mabwawa, ya kukausha na kuhifadhi, ya sheria, hata ya kuhesabu faida na hasara.

Nitasema pia yaliyotuumiza, ili mama mwingine asipite pale pale. La kwanza, masomo ni kwa Kiingereza. Mtoto wangu alisoma bio-shimi kwa Kifaransa, akapata diploma ya serikali na asilimia 58, halafu akafika darasani na kukuta mwalimu anaandika maneno ambayo hajayaona maisha yake yote. Miezi mitatu ya kwanza alilia. Aliokoka kwa sababu nje ya darasa kila mtu anasema Kiswahili, na wenzake walikuwa wanamweleza somo usiku. La pili, diploma ya nchi nyingine lazima Baraza la Mitihani la Tanzania liiangalie na kusema inalingana na nini kwao. Jambo hilo linakula wakati. Sisi tulichelewa kujua, kisha kamishoneri mmoja pale bandarini akasema ana njia ya mkato, akachukua dola 40 zetu, na hatukumuona tena. Anayetaka kutuma mtoto aanze karatasi mwaka mmoja mbele, na asimpe feza mtu aliyesimama chini ya mti.

Binti yangu alinipokea amevaa buti za mpira na koti jeupe lenye madoa. Nikasema moyoni, nimelipa feza ili mtoto avae kama mvuvi. Asubuhi yake alfajiri alinichukua kwenda naye mwaloni, maana wanafunzi wake wanatumwa kupima samaki wanaoshuka. Alikuwa na mzani, daftari, na kibao chenye alama za sentimita. Aliamkia wale wamama wauzaji mmoja mmoja, akaomba ruhusa, akachukua ndagala kidogo kwa kikombe, akaanza kuwalaza juu ya kibao: huyu sentimita 7, huyu 8, huyu 5. Kisha akapasua mmoja kwa kisu kidogo na kunionyesha mayai.

"Mama, ona. Huyu alikuwa karibu kuzaa."

Nimeuza ndagala miaka zaidi ya ishirini. Nimewashika kwa mafungu, kwa kilo, kwa magunia. Sikuwahi hata siku moja kufungua mmoja ili kuangalia kama ni mama.

Akaniambia kwamba tunachoita ndagala ni aina mbili, na ile kubwa zaidi, lumbu, ndiyo iliyochukuliwa kutoka ziwa letu na kupelekwa ziwa Kivu mwisho wa miaka ya 1950. Sambaza ambazo wamama wa Goma na Bukavu wanajivunia ni watoto wa Tanganyika! Akaniambia pia kwamba ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini samaki wanaishi sehemu ya juu tu, kwa sababu kule chini hakuna hewa. Chakula chote kimelala chini. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unasukuma maji, maji ya chini yanapanda na chakula kile, ndagala wanashiba, mukeke wanawafuata. Lakini ziwa limepata joto kuliko zamani, maji ya juu yamekuwa mepesi na hayachanganyiki vizuri na ya chini. Wataalamu waliandika habari hizo tangu 2003. Mimi nilifikiri samaki wamepungua kwa sababu ya uchawi wa watu wa beach ya pili, na kwa sababu ya nyavu za matundu madogo. Kuhusu nyavu, binti yangu anasema nina haki.

Pale ndipo nilielewa ile habari ya kufunga ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapumzike na kuzaa. Nchi nne zinagawana ziwa: sisi tuna asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Sisi ndio wenye sehemu kubwa. Nilimuuliza mama mmoja wa Kigoma aliishi namna gani miezi ile. Alisema aliuza maandazi, akakopa, na alikasirika kila siku. "Lakini waliporudi ziwani, mama, nilipata dagaa wanene," akasema. Binti yangu yeye alisema tu kwamba kumfungia mtu ziwa bila kumwonyesha kazi nyingine ni nusu ya kazi. Nilipenda neno lile, maana yeye mwenyewe ni mtoto aliyelala njaa siku ambazo ziwa lilifungwa na mawimbi.

Siku ya tatu ndiyo iliyonitikisa. Wanafunzi walikuwa na zoezi la kuogelea. Kule hawakuruhusu kwenda kazini ndani ya mtumbwi bila kujua kuogelea na kuvaa koti la kuokoa. Nilisimama ufukoni, mkono kwenye mdomo. Mtoto wangu aliingia, akapita pale miguu inapogusa, na kichwa chake kikawa kidogo kama nazi juu ya maji. Nilianza kuhesabu. Sijui kwa nini, nilihesabu tu. Nilifika 94 aliposhika mtumbwi ule mwingine na kugeuka kunipungia mkono. Nilikaa chini kwenye mchanga. Mwalimu wao, mwanaume wa umri wangu, alikuja akaniuliza, "Mama, unajisikia vibaya?" Nikamjibu kwamba mume wangu angekuwa na miaka 52.

Hakusema kitu. Alikaa pembeni yangu mpaka wakamaliza.

Kesho yake tulienda Katonga, mwalo mwingine wa pale, kwa sababu nilitaka kuona jinsi wanavyokausha. Hapa wamama wauzaji nisikilizeni vizuri. Sisi tunatandika ndagala juu ya mchanga. Mvua ikija tunakimbia, tunakusanya na mchanga wake, na mnunuzi wa Lubumbashi anauma meno na kushusha bei. Pale Katonga wamama wengi wanatandika juu ya vichanja: miti imesimama mpaka kiunoni, juu yake wavu wenye matundu madogo. Hewa inapita juu na chini. Kuku hawafiki, mbuzi hawapiti juu, mchanga hauingii. Siku ya jua kali ndagala wanakauka upesi kuliko chini, kwa sababu upande wa tumbo nao unapata upepo. Mvua ikitishia, unafunika na plastiki, huhitaji kukusanya. Nilionja. Hakuna mchanga hata chembe. Na bei ya wale wa kichanja ilikuwa juu kuliko ya wale wa chini, palepale, mwalo mmoja, samaki wa usiku mmoja.

Niliuliza mama mmoja kichanja kinagharimu nini. Alinijibu kwamba miti aliikata kwa kaka yake na wavu ni wa mvuvi aliyeacha kazi. Wetu tunazitupa nyavu zile, au watoto wanafanyia goli la mpira.

Kuhusu mabwawa nitakuwa na maneno mengi, kwa sababu ndiyo sehemu mtoto wangu anaipenda kuliko zote. Walinionyesha bwawa la mafunzo lenye ngege wa kufugwa. Binti yangu aliinama, akaingiza mkono ndani ya maji, kiganja kimefunguka, akashuka polepole mpaka kwenye kiwiko. "Ukiacha kuona vidole vyako maji yanapofika kwenye kiwiko, maji ni mazuri, yana chakula," akasema. "Ukiviona bado, weka mbolea. Vikipotea upesi, acha kuweka, samaki watakosa hewa." Hiyo ndiyo mashine yao. Mkono wa mtu. Na asubuhi mapema ukiona samaki wote wamekuja juu, wanafungua midomo kama watoto wanaolia, usifurahi ukasema wana njaa. Wanakosa hewa. Ingiza maji mapya mbio.

Halafu akanieleza habari ya mama ngege. Akishataga, anachukua mayai yake yote ndani ya mdomo. Anayatunza pale mpaka yanaanguliwa, na hata watoto wakitoka, wakiona hatari wanarudi ndani ya mdomo wa mama. Siku zote hizo karibu hali kitu. Nilitazama yale maji ya kijani nikakumbuka mwaka wa vita, mimi na hawa watoto njiani. Lakini tuendelee.

Tatizo ni kwamba ngege anazaa sana. Ukiweka madume na majike pamoja bila mpango, baada ya miezi bwawa linajaa visamaki vya kidole, vyote vina njaa, hakuna anayekua. Ndiyo maana wafugaji wanatafuta vifaranga vya madume peke yake, au wanaweka kambale kidogo ndani, aliye mla nyama, apunguze wale wadogo. Niliposikia hivyo nilipiga kofi. Babu yangu alikuwa na bwawa! Wakati wa Wabeleji watu walichimbishwa mabwawa Kongo nzima, makumi ya maelfu, na karibu na Elisabethville, Kipopo, kulikuwa kituo cha kuchunguza samaki wa kufuga. Bwawa la babu lilikuwa chini ya kilima, kando ya kijito. Nilipokuwa mdogo lilikuwa limejaa majani na vyura, na wazee walisema, "Samaki wa Mzungu hawakui." Miaka yote nimeamini hivyo. Kumbe walikuwa wengi mno ndani ya shimo moja, na hakuna aliyebaki wa kuwaeleza.

Kazi itakuwa wapi? Hilo ndilo swali mlinituma nalo, na wajomba zake pia. Sitawadanganya. Akirudi na karatasi yake, ofisi ya serikali inaweza kumpokea, na anaweza kungojea mshahara mpaka nywele ziwe nyeupe. Mashirika yanaajiri, kisha mradi unaisha. Yeye mwenyewe hazungumzi sana habari ya ofisi. Anataka kuzalisha vifaranga vya ngege na kambale na kuwauzia wenye mabwawa, kwa sababu mtu anaweza kuchimba bwawa kwa jembe lake mwenyewe, lakini vifaranga wazuri hawatoki kwenye jembe. Anahesabu kwamba mji wetu unakula Tomsoni wa barafu kutoka bahari ya mbali, Namibia, wakati kijito cha babu bado kinatiririka bure. Nilimuuliza kama mwanamke anaweza kazi ile. Alinijibu, "Mama, kumlisha mtu mdogo mara tatu kwa siku, kumwangalia kama anaugua, kumtenga na wakubwa wanaompiga, ni nani anajua kazi hiyo kuliko wewe?"

Darasani kwao wasichana si wachache kama nilivyofikiri. Wavulana wanawatania kwenye mambo ya injini, wao wanawapita kwenye mambo ya kukausha na ya hesabu. Mmoja ni mtoto wa mvuvi wa Ujiji ambaye baba yake alimkataza kabisa kupanda mtumbwi, kwa sababu wazee wanasema mwanamke anafukuza samaki. Sasa baba huyo anampigia simu kumuuliza kwa nini nyavu zake zinatoka tupu.

Nilirudi baada ya siku nane. Ndani ya meli nilivaa koti la kuokoa bila kungoja kuombwa.

Kuhusu feza, nimekwisha kurudisha zamu ya kwanza, mhasibu wetu ana daftari. Ya pili nitaimaliza mbele ya Desemba kama mvua haitatuharibia. Minerivali ya mwaka wa pili bado sijui itatoka wapi yote, nusu ninayo.

Na kichanja cha kwanza tumekipiga misumari Jumamosi, mimi na mtoto wangu wa mwisho, nyuma ya nyumba. Ni kifupi, mguu mmoja umeinama, na wavu una matundu mawili niliyoshona kwa uzi wa viatu. Nimetandika ndagala za besini mbili. Anayetaka kuona aje asubuhi mapema, na asije na mikono mitupu kama ana wavu wa zamani nyumbani. Saa nne ninakuwa sokoni.